Kuvu wa korosho: mizani inatoa mg 58 za mafuta, GC (kromatografia ya gesi) inatoa 28. Hizo 30 ni kitu gani?

#1 Kuvu_Kusini
Wakuu, salaam. Data iko mezani, karibuni muichane.

Kuvu ni Aspergillus aliyetengwa kwenye korosho zilizoota ukungu, spishi bado haijathibitishwa. Kaoteshwa juu ya mabibo makavu yaliyosagwa pamoja na korosho zilizovunjika, wiki moja, joto la chumba la Mtwara mnalijua. Utando ukabanduliwa, ukasuuzwa kwa maji, ukalala kwenye oveni ya nyuzi 60 mpaka asubuhi, ukasagwa kwa kinu na mchi.

Kisha njia ya Folch ya kutoa mafuta: mg 200 za unga, mL 4 za kloroformu na methanoli 2:1, kutikisa saa moja, kuchuja, kuosha mara moja kwa maji ya chumvi 0.9%, tabaka la chini kukaushwa kwa naitrojeni. Dondoo hilo hilo likapimwa kwa njia tatu:

Mizani: mg 58 (29%)
Salfo-fosfo-vanilini (kipimo cha rangi), mstari wa viwango wa trioleini: mg 22 (11%)
GC, jumla ya methili esta: mg 28 (14%)

Kontroli isiyo na sampuli ilitoa mg 1.2, kwa hiyo si uchafu wa vyombo. Mg 30 zimetoka wapi?

#2 MzeeSilika
Mizani inapima chochote kisichoruka. GC inapima minyororo ya asidi mafuta peke yake. Vanilini inahitaji bondi maradufu. Asidi iliyoshiba kama palmitiki haitoi rangi ya maana. Usitegemee namba tatu zilingane hata kazi ikiwa safi.

Ila tofauti yako ni kubwa mno. Trigliseridi karibu yote inageuka methili esta, uzito kwa uzito. Fosfolipidi inatoa kama asilimia 70 ya uzito wake, iliyobaki ni gliseroli, fosfeti na kichwa chake. Ergosteroli huru (steroli ya kuvu) haitoi kitu. Hata ukijumlisha hayo yote, nusu ya dondoo haipotei hivyo. Humo ndani kuna kitu kisicho mafuta, au methilesheni (kugeuza mafuta kuwa methili esta) imekwama.

#3 BintiMasasi
Mimi naanzia kwenye kuosha. Unga wako ni mkavu, na Folch inahesabu maji yaliyomo kwenye sampuli. Tabaka zikitengana sawasawa, uwiano wa mwisho wa kloroformu, methanoli na maji ni 8:4:3. Sampuli kavu haileti maji, kwa hiyo ukiongeza mL 0.8 za maji ya chumvi na kuishia hapo, mpaka kati ya tabaka unakuwa na ukungu ukungu, na sukari ya mabibo inashuka chini pamoja na methanoli. Loanisha unga kwanza kwa maji kidogo, acha dakika 10, ndipo utie kimumunyisho. Osha mara mbili, ya pili kwa tabaka la juu bandia (kloroformu, methanoli, maji 3:48:47).

Kuhakiki ni rahisi: chukua zile mg 58, mimina mL 2 za kloroformu kavu. Kinachobaki cheupe ukutani ni chumvi au sukari. Hamisha kilichoyeyuka kwenye chupa nyingine, kausha, pima tena.

#4 Chikongola77
Kwani Folch bado inatumika? Hiyo njia ya samaki ya mwaka 57. Tumia Bligh na Dyer, kimumunyisho kidogo, mambo yameisha.

#5 MzeeSilika
@Chikongola77 umezigeuza. Folch na wenzake, 1957, walifanyia kazi ubongo. Ya samaki ndiyo hiyo unayoisifia: Bligh na Dyer, 1959, Kanada, nyama ya chewa wa Atlantiki, samaki mwenye mafuta kiduchu. Ndiyo maana sampuli ikizidi takriban 2% ya mafuta, Bligh na Dyer inaanza kupunja, na kadiri mafuta yanavyopanda ndivyo inavyopunja zaidi. Ilishaonyeshwa 2001. Kwa kitu cha 14% au 29% usiiguse kwa kiasi cha awali cha kimumunyisho.

#6 Chikongola77
Sawa mzee, nimekusoma. Chewa yupo hata Mikindani lakini sidhani ni huyo 😂

#7 Tandahimba_Juu
Mbona hamuoni kilicho wazi? SALFA.

Mikorosho ya huku inapuliziwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, na msimu wa salfa ndio wa maua na mabibo. Salfa elementi, S8, inaingia kwenye kloroformu bila kubisha hodi. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo hakuna kuosha kutakakoiondoa. Kwenye mizani inahesabiwa kama mafuta. Kwenye GC ya kigunduzi cha mwali haionekani, kwa sababu kigunduzi kile kinasikia kaboni na haidrojeni. Mizani juu, GC chini. Ndiyo picha yako.

Kipimo: chukua waya wa shaba, uchovye kwenye asidi hidrokloriki hafifu mpaka ung'ae, suuza kwa maji, methanoli, kisha kloroformu. Uzamishe kwenye dondoo. Ukigeuka mweusi, salfa ipo. Shaba hiyo hiyo inaisafisha: chembe za shaba zilizong'arishwa, tikisa, badilisha mpaka zisiwe nyeusi.

#8 Newala_Mlimani
Salfa mg 30 ndani ya mg 200? Huyo kuvu kaota kwenye godoro la salfa? Mabibo yanaoshwa, tena vumbi liko juu ya ngozi tu. Naikubali kama uchafu, siikubali kama jibu lote.

Mimi namshuku GC. @Kuvu_Kusini hujasema methilesheni ilifanywaje.

#9 Kuvu_Kusini
@Newala_Mlimani asidi salfuriki 2% ndani ya methanoli, mL 2, nyuzi 70, saa moja. Heksani mara mbili. Kigezo cha ndani (dutu ya kiasi kinachojulikana, ya kulinganishia) ni methili esta ya C17:0 (asidi mafuta ya kaboni 17), kiliongezwa baada ya methilesheni.

@BintiMasasi kwenye kloroformu kavu yalibaki mabaki meupe ya mg 6. Kwa hiyo zimebaki 24 za kutafuta.

#10 Newala_Mlimani
Hapo sasa. Hakuna tuluini! Trigliseridi na esta za steroli haziyeyuki kwenye methanoli peke yake, zinakaa chini kama tone na asidi inalamba juu juu. Fosfolipidi zinamethilika vizuri kwa sababu zinayeyuka, kwa hiyo kromatogramu inaonekana nzuri na wewe unaamini.

Fanya hivi: lipidi isiyozidi mg 50 ndani ya mL 1 ya tuluini, mL 2 za asidi salfuriki 1% ndani ya methanoli kavu, bomba la kioo lenye kizibo cha teflon, nyuzi 50 usiku kucha. Asubuhi mL 5 za maji ya chumvi 5%, toa kwa heksani mL 5 mara mbili, osha heksani kwa mL 4 za bikaboneti ya potasiamu 2%, kausha kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji. Kisha tone moja kwenye TLC (kromatografia ya sahani nyembamba ya silika). Ukiona doa la trigliseridi, hujamaliza.

Na "kavu" niliyosema kwenye methanoli ni kavu kweli. Chupa ya methanoli iliyofunguliwa Mtwara mwezi wa tatu ni methanoli na maji. Maji yanarudisha mmenyuko nyuma.

Kigezo cha ndani kiingie mwanzoni kabisa, kwenye unga, na kiwe trigliseridi ya C17 au C19, si methili esta. Cha kwako kimepima uchomaji wa sindano tu, hakijapima utoaji wala methilesheni. Halafu baadhi ya hamira hutengeneza zenyewe asidi za kaboni 17, kwa hiyo angalia kwanza sampuli isiyo na kigezo.

#11 BintiMasasi
Niongeze: kloroformu nyingi za dukani zimetulizwa kwa ethanoli zisiharibike. Ikibaki kidogo kwenye dondoo unapomethilisha, unapata vilele vidogo vya ethili esta pembeni mwa vile vikubwa. Watu huviita asidi mpya. Kausha kabisa, au nunua iliyotulizwa kwa amileni.

#12 Mikindani_Bandarini
Salfa, tuluini, sukari... na mafuta ya ganda la korosho hamjayataja? Tuko kusini jamani!

Asidi anakadiki na kardoli zimo kwenye ganda, na korosho zilizovunjika kwenye ubanguaji zimeguswa na ganda. Hata bibo lenyewe lina asidi anakadiki kidogo. Ni fenoli zenye mkia wa kaboni 15, zinatembea na mafuta kila hatua ya Folch. Zikipashwa moto asidi anakadiki inaachia kaboni dioksaidi na kuwa kardanoli. Kardanoli haina kundi la asidi, kwa hiyo hakuna cha kumethilisha, na asidi anakadiki yenyewe inagoma kwenye asidi hafifu. Kwenye safu ya polari unayopandisha mpaka nyuzi 240, vinachelewa mno au havitoki kabisa. Mizani inaviona, GC haivioni.

Doa moja la feri kloraidi juu ya TLC: asidi anakadiki inaonyesha zambarau kwa sababu ina umbo la salisiliki.

#13 Tandahimba_Juu
@Mikindani_Bandarini kumbe unanikubali kimyakimya: kuna kitu kisichoonekana kwenye GC. Tunatofautiana jina tu 😄

#14 Mikindani_Bandarini
Tunatofautiana sana. Cha kwako kinaondoka kwa shaba, changu hakiondoki.

#15 Lindi_Maabara
Nimefuata uzi toka juu. Nyote mnatafuta mg zilizopotea, hakuna anayeuliza kama hizo 28 zilizoonekana ni za kuvu.

@Kuvu_Kusini, oleiki ni ngapi na linoleiki ngapi?

#16 Kuvu_Kusini
@Lindi_Maabara oleiki 60%, linoleiki 19%, palmitiki 11%, steariki 8%, zingine ndogo.

#17 Lindi_Maabara
Hiyo ni korosho. Mafuta ya kiini cha korosho yako hapo hapo, oleiki karibu 60 na linoleiki karibu 20. Umebandua utando umeondoka na makombo, na kiini cha korosho karibu nusu yake ni mafuta. Mg chache za makombo zinatosha kukuvuruga. Kusuuza kwa maji hakuondoi mafuta.

#18 MzeeSilika
Polepole. Kufanana na korosho hakuthibitishi kwamba ni makombo. Kuvu anayelishwa sukari anajenga asidi mafuta mwenyewe kuanzia mwanzo. Akilishwa mafuta, anayakata kwa lipasi (vimeng'enya vya mafuta), anaingiza asidi hizo ndani kama zilivyo na kuzihifadhi, kwa mabadiliko kidogo. Mafuta ya ndani yake yanafanana na mlo. Hapo utasema ni ya nani?

Dawa ni kumwotesha sambamba kwenye mchuzi wa glukosi usio na tone la mafuta, umlinganishe. Na chakula kile kile bila kuvu, kikae wiki hiyo hiyo, kikaushwe, kitolewe mafuta. Bila hizo kontroli mbili mjadala huu utafika Masika.

#19 Lindi_Maabara
Glukosi inabadili kuvu mwenyewe, mzee. Uwiano wa kaboni na naitrojeni ukiwa juu anajaza matone ya mafuta, ukiwa chini anajenga mwili. Unalinganisha watu wawili tofauti.

Bora tupime ergosteroli. Hiyo korosho haina, ni ya kuvu tu. Kila kuvu anayo.

#20 MzeeSilika
Si kila kuvu. Wale wa mikoriza ya vishina (wanaoishi kwenye mizizi ya mimea) hawaijengi, na kundi la kitridi wengi wao wana steroli nyingine. Kwa Aspergillus uko sahihi.

#21 Mtama_Kemia
Kwa ergosteroli hatua ni hizi. Unga mg 50 hadi 100, mL 3 za KOH ya kileo (g 25 za KOH, mL 35 za maji, jaza ethanoli mpaka mL 100), nyuzi 85 saa moja, poza. mL 1 ya maji na mL 3 za heptani, zungusha kwa nguvu dakika 3. Tabaka la juu, skani nm 240 hadi 300. Usifanyie karibu na dirisha: UV inaigeuza ergosteroli kuwa vitamini D2, na kilele kinashuka mchana kutwa bila wewe kujua.

Tahadhari kwa hali ya mwenye uzi: kardanoli inanyonya mwanga karibu na nm 275, na alkali haiizuii kabisa isiende kwenye heptani. Kwa hiyo usisome nm 282 ukaandika namba. Tazama umbo. Ergosteroli ina vilele karibu 271, 282 na 293 na bega karibu 262. Ukiona kilima kimoja cha mviringo, hiyo si ergosteroli. Njia salama ni HPLC (kromatografia ya kimiminika), safu ya C18, methanoli, kigunduzi nm 282.

Na msizidishe ergosteroli kwa namba moja ili kupata uzito wa kuvu. Ile mg 5.5 kwa gramu inayozunguka mitandaoni ilitokana na kuvu wa majini, 1993. Wa kwako anaweza kuwa mbali nayo, na umri wa utando unaibadilisha.

#22 Kuvu_Kusini
Asante @Mtama_Kemia, nimenakili. TLC inakuja. Nani ana mpangilio unaofanya kazi kwenye unyevu wa huku? Kila sahani Rf yake (umbali doa linaopanda ukilinganisha na kimumunyisho).

#23 MzeeSilika
Hapa ndipo wengi wa pwani wanaumia, kwa hiyo ngoja nieleze taratibu.

Silika inakunywa maji hewani. Unaiwasha nyuzi 110 kwa saa moja, unaitoa, na kabla hujamaliza kuweka madoa tayari imelegea, kwa sababu hewa ya pwani asubuhi ina unyevu mwingi kupita kiasi. Steroli na digliseridi zinabadilishana nafasi au zinashikana. Kwa hiyo: weka madoa kwanza, mikrolita 5 kila moja, sentimita 1.5 kutoka chini. Kisha rudisha sahani kwenye kikaushio chenye silika ya bluu (ikiwa ya waridi umechelewa) dakika 20, ndipo uiingize kwenye tanki. Tanki liwe na karatasi ya chujio ukutani na limekaa na kimumunyisho nusu saa.

Kimumunyisho ni heksani, etha ya diethili na asidi asetiki 70:30:1. Etha inachemka nyuzi 34.6. Mchana wa Mtwara inaruka kwenye silinda yako ya kupimia, na mchanganyiko wa saa nane si ule wa saa mbili. Changanya kidogo, asubuhi, kwenye chupa iliyopozwa, usiutumie mara mbili. Rf isikusumbue, weka viwango kwenye kila sahani na usome kwa viwango.

Kuanzia juu: esta za steroli, trigliseridi, asidi mafuta huru, kisha steroli na digliseridi zikigombana, na fosfolipidi zimekaa mwanzoni hazijasogea. Hizo za mwanzoni zipe sahani yake: kloroformu, methanoli, maji 65:25:4.

Rangi: iodini kwanza, inafutika yenyewe ukiacha wazi. Kuchoma ni kwa salfeti ya shaba 10% ndani ya asidi fosforiki 8%, nyuzi 150 hivi, dakika 10. Nyunyizia nje ya jengo.

#24 Chikongola77
Saa nane mchana Mtwara hata mchambuzi anaruka, siyo etha tu.

#25 Newala_Mlimani
Mimi sijapenda ile oveni ya nyuzi 60. Utando mbichi una maji mengi, joto linapanda taratibu, na lipasi zinafanya sherehe usiku kucha. Utaona asidi mafuta huru kubwa kwenye TLC na utaandika kwamba kuvu huyu ana asidi huru nyingi. Si yeye, ni oveni. Fosfolipasi D nayo mbele ya methanoli inatengeneza fosfatidili-methanoli, kitu ambacho kuvu hakuwa nacho.

Kama hakuna kikaushio cha kugandisha, bandua, kamua kwa karatasi ya chujio, tumbukiza papo hapo kwenye isopropanoli ya nyuzi 75 yenye BHT (kizuia oksidi) 0.01%, dakika 15. Vimeng'enya vimekufa. Poza, endelea na kusaga.

Na kinu kikavu hakitoshi kwa ukuta wa kitini na glukani. Shanga za kioo za mm 0.5 ndani ya kimumunyisho, tikisa sekunde 60, barafu dakika moja, rudia mara sita. Barafu ya samaki inafaa, mradi bomba limefungwa.

#26 Mtama_Kemia
Bomba liwe la kioo. Kloroformu kwenye plastiki inanyonya vilainishi. Kwenye GC-MS (GC yenye kipima uzito wa vipande vya molekuli) utaona m/z 149, alama ya vilainishi, imetawala. Glovu za nitraili pia inazipita upesi, badilisha ukimwagikiwa.

Na jamani, Aspergillus kutoka korosho, spishi "bado"! Akiwa Aspergillus flavus, sumukuvu inatoka na kloroformu hiyo hiyo. Kwa uzito ni mikrogramu, haielezi mg 24 zenu, ila msikwangue ile chupa kwa kidole. Vyombo vilowekwe kwenye jiki, lakini suuza kloroformu yote kwanza na uiweke kwenye chupa ya taka. Kloroformu na jiki havikutani.

#27 Masasi_Mashariki
Samahani kutoka nje kidogo. Njia hizi zinaweza kuonyesha mnyauko fusari kwenye udongo wa mikorosho? Nasikia linoleiki ya fosfolipidi, 18:2ω6,9, ni alama ya kuvu.

#28 Lindi_Maabara
Ni alama ya kuvu kwa jumla. Haimjui Fusarium oxysporum na mwenzake anayeozesha majani. Mizizi ya mkorosho nayo ina 18:2, usipochuja mizizi midogo umepima mkorosho. Kwa mnyauko nenda DNA.

#29 Kuvu_Kusini
Matokeo ya leo.

Waya wa shaba: umekuwa kahawia, sehemu nyeusi. TLC baada ya methilesheni ya zamani: trigliseridi ipo, doa nene. TLC ya dondoo zima: asidi huru kubwa, trigliseridi kubwa, na mstari unaoburuta kutoka kwenye steroli kushuka. Feri kloraidi imetoa zambarau hafifu kwenye mstari huo.

#30 Tandahimba_Juu
Shaba imesema.

#31 Newala_Mlimani
Doa nene la trigliseridi limesema zaidi. Rudia methilesheni na tuluini, GC itapanda hapo hapo.

#32 Mikindani_Bandarini
Na zambarau je?

#33 Lindi_Maabara
GC ikipanda itapanda na oleiki ya korosho. Bado sijaona kuvu humo.

#34 MzeeSilika
@Kuvu_Kusini kabla hujarudia, pitisha mg 10 kwenye safu ndogo ya silika, mg 500: kloroformu mL 10 inatoa mafuta yasiyo polari, asetoni mL 10 inatoa glikolipidi, methanoli mL 10 inatoa fosfolipidi. Pima kila sehemu peke yake. Salfa itatoka na ya kwanza, na sehemu kubwa ya kardanoli pia. Kisha pima fosfeti kwenye ya tatu. Ikiwa ndogo kuliko uzito unavyodai, fikiria lipidi za betaini. Kuvu akikosa fosfeti huweka DGTS (mojawapo ya hizo lipidi za betaini) mahali pa fosfolipidi, na haina fosforasi hata chembe.

#35 BintiMasasi
Na lile tabaka la juu ulilotoa kwenye Folch usilimwage. Sfingolipidi zenye inositoli na sukari zinapenda kubaki humo. Zinataka kimumunyisho chao: ethanoli, maji, etha, piridini, amonia 15:15:5:1:0.018, nyuzi 60.

#36 Kuvu_Kusini
Lipo kwenye friji. Piridini ndiyo haipo, mwenye kujua inapopatikana huku kusini bila kuagiza Dar anitumie ujumbe.